Goma: mchezo uliofunikwa na volkano wapatikana tena

Goma, Kivu ya Kaskazini. Katika kibanda kimoja cha mbao, kartie Birere, fundi wa simu na mashine anafungua kazi kila siku saa mbili za asubuhi. Wateja wake ni wakaaji wa kawaida: mama muuza samaki ambaye simu yake imeingia maji, mwanafunzi ambaye mashine yake haiwaki tena, mchungaji aliyesahau namba yake ya siri. Lakini kwa muda wa miezi mingi, kila jioni wateja wakiisha kwenda, fundi huyo alibaki akitafuta kitu ambacho hakuna mteja aliyemuomba. Alikuwa anatafuta mchezo wa kompyuta wa mwaka 1998.

Mchezo huo unaitwa Baldur's Gate. Ulitengenezwa Edmonton, nchini Kanada, na kampuni ya BioWare ambayo baadhi ya waanzilishi wake walikuwa waganga waliosomea udaktari. Si mchezo wa mpira wala wa mbio za magari. Mchezaji anapewa mtu mmoja, anamtembeza ndani ya hadithi ndefu, anamchagulia njia, marafiki na maneno ya kujibu. Kuna maandishi mengi ya kusoma, na mtu anaweza kucheza mwezi mzima asifike mwisho. Michezo ya namna hiyo ilizaliwa kutoka mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, ambapo watu walikaa pamoja na karatasi, kalamu na kete, mmoja wao akisimulia. Kwa ufupi, ni hadithi za jioni zilizoingizwa ndani ya mashine.

Fundi aliujua mchezo huo akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Mjomba wake alikuwa na nyumba ndogo ya kupiga mashine na fotokopi. Siku moja mwaka 2001 alileta kompyuta ya mtumba, ikapakiwa juu ya chukudu kutoka depo hadi nyumbani. Pamoja nayo kulikuwa na bahasha yenye CD tano. Ndizo zilizokuwa na mchezo, wote kwa Kifaransa.

Jioni jenereta ikiwa bado na mafuta, mjomba aliwaacha watoto wacheze saa moja. Walikuwa watatu. Yaya yao ndiye aliyejua kusoma Kifaransa vizuri, basi yeye alisoma kwa sauti na kuwatafsiria. Fundi ndiye aliyeshika maus. Mdogo wao, mwenye miaka sita, alikaa katikati, na kila mara alisinzia kabla ya saa kuisha. Kesho yake asubuhi alikuwa anauliza: “Jana walifika wapi?”

Alhamisi tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipasuka. Lava ilishuka, ikapita uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Watu walikimbilia Gisenyi, wengine upande wa Sake. Familia hiyo ilitoka na godoro moja, sufuria mbili na watoto wote. Waliporudi, mahali pa nyumba ya mjomba palikuwa na jiwe jeusi lenye kutoa moshi. Kompyuta, fotokopi, karatasi za wateja na zile CD tano vilibaki chini yake. Leo kuna nyumba nyingine juu ya jiwe hilo.

Miaka ilipita. Yaya aliolewa, na baada ya vita nyingine akavuka mpaka. Leo anaishi katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda. Mdogo alijenga upande wa Kiwanja, teritware ya Rutshuru, akalima maharagwe na kulea watoto. Fundi alibaki Goma. Kuhusu mchezo, hakuna aliyeuzungumzia tena.

Uliporudi akilini mwa fundi ni baada ya shemeji yake kufika mlangoni na watoto wawili, miguu imevimba. Walikuwa wametembea siku kadhaa. Mume wake, yaani yule mdogo aliyekuwa akisinzia, aliwatoa nyumbani usiku risasi ziliposikika, akawafikisha kwenye njia, halafu akarudi nyuma kumchukua mama mkwe asiyeweza kutembea peke yake. Aliwaambia watangulie. Tangu usiku huo hakuna habari yake.

Mtoto mkubwa ana miaka kumi na mitatu. Alipofika alikuwa anasalimu, anachota maji, anakula, na basi. Jioni alikaa kwenye kona ya kibanda akitazama papa mkubwa wake akifungua simu za watu. Fundi hakujua amuulize nini. Maneno ya kumfariji mtoto ambaye baba yake hajulikani kama yuko hai, mtu anayatoa wapi? Ndipo akakumbuka ule mchezo. Akafikiri: baba yake aliujua. Nitautafuta.

Mke wake hakufurahia. “Watu tisa ndani ya nyumba ya vyumba viwili,” alimwambia, “na wewe unanunua mega za kutafuta mchezo? Ile pesa ingenunua unga.” Alikuwa na haki. Kila familia inayopokea wakimbizi wa vita inaijua hesabu hiyo. Fundi hakubishana naye. Aliweka sharti lake mwenyewe: mega za kutafutia zitoke kwenye kazi za ziada za Jumapili, si kwenye chakula.

Kutafuta kwenyewe hakukuwa rahisi. Wengi wanafikiri kwamba kitu cha zamani, kwa sababu ni chepesi, lazima kifanye kazi kwenye mashine mpya yenye nguvu. Sivyo. Mchezo wa mwaka 1998 uliandikwa kwa ajili ya Windows ya wakati ule. Michezo mingi ya miaka hiyo ina programu ya kusakinisha ya biti 16, na Windows ya leo ya biti 64 inaikataa. Mingine ilifungwa kwa kufuli la siri ndani ya CD ili watu wasiigeze. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, Microsoft iliacha kuyakubali baadhi ya makufuli hayo kwa sababu za usalama. Basi hata mwenye CD yake halali, aliyeinunua kwa pesa yake, anabaki nje ya mlango. Tena mashine nyingi za leo hazina pa kuingiza CD. Na picha za mchezo zilichorwa kwa kioo cha nukta 640 kwa 480. Kwenye kioo kipya zinaonekana ndogo kama stampu au zinavutwa hadi watu wanakuwa wanene.

Jaribio la kwanza lilimpa hasara. Alikuta mahali kwenye intaneti palipoahidi kutoa mchezo bure, akavuta faili usiku kucha. Ndani hakukuwa na mchezo. Kulikuwa na virusi vilivyojaza mashine yake matangazo na kufunga faili zake za kazi. Ilimbidi afute kila kitu na kuanza upya. Wiki hiyo hakupata faida, na mke wake hakusema neno. Fundi anasema ukimya ule ulimuuma kuliko kelele.

Baadaye alijifunza kwamba kuna njia za kweli, na kwamba nyuma ya kila njia kuna watu. Kwa michezo ya kabla ya Windows, ile ya DOS, kuna DOSBox, programu ya bure iliyotoka mwaka 2002, ambayo inajifanya kuwa kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya. Mchezo unadanganywa, unadhani uko nyumbani kwake. Kwa Baldur's Gate na ndugu zake, wapenzi wa michezo walitengeneza GemRB, programu ya bure inayojua kusoma faili za zamani na kuziendesha hata kwenye Linux. Lakini lazima mtu awe na faili zenyewe, na za fundi ziko chini ya lava.

Njia iliyomfaa ilitoka Poland. Huko kampuni ya CD Projekt iliwahi kuutafsiri mchezo huo kwa Kipolandi mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2008 ikafungua duka la GOG, la kuuza michezo ya zamani iliyotengenezwa ili ikubali mashine za sasa, bila kufuli. Mtu akiisha kununua anavuta faili, anaiweka kwenye flashi, na haihitaji intaneti tena. Duka hilo linauza toleo lililoboreshwa la Baldur's Gate, lililotoka mwaka 2012 kutoka Beamdog, kampuni nyingine ya Edmonton, na Kifaransa kimo. Fundi hana kadi ya benki. Rafiki yake wa shule aishiye Ubelgiji ndiye aliyelipa, akisema hiyo ni zawadi ya Noeli iliyochelewa. Kuvuta faili kulichukua usiku tatu, mtandao ukikatika na kurudi.

Katika kutafuta, fundi alishangazwa na jambo moja. Alidhani ni sisi tu, watu wa vita na volkano, tunaopoteza vitu. Akakuta kwamba hata kule kwenye amani na umeme wa saa ishirini na nne, vitu vinapotea. Kampuni ya Beamdog ilipotaka kutengeneza upya mchezo wa Icewind Dale II, wa mwaka 2002, maandishi asili ya programu yalitafutwa yakakosekana. Tim Cain, aliyeongoza utengenezaji wa mchezo wa Fallout wa mwaka 1997, alieleza kwamba alipoondoka kwenye kampuni aliamriwa kuharibu nakala zote alizokuwa ametunza. Watu wakaamini kwamba maandishi hayo hayapo tena. Mwaka 2025, Rebecca Heineman, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo ya Interplay, alisema kwamba yeye anayo nakala, kwa sababu alikuwa na desturi ya kutunza. Na mwaka 2023, shirika la Marekani linalohifadhi historia ya michezo hiyo lilihesabu kwamba katika michezo 100 ya zamani iliyotoka nchini humo, 87 haipatikani tena madukani. Moto haukuiunguza. Ni kwamba hakuna aliyeona ni kazi yake kuweka nakala.

Jioni ya kwanza ya kucheza, mtoto alishika maus, papa mkubwa akakaa kando. Hadithi inaanza ndani ya ngome yenye maktaba kubwa, inayoitwa Candlekeep. Kijana yatima amelelewa humo na mzee Gorion. Siku moja mzee anamwambia wafunge mizigo, wanaondoka usiku huu, hakuna muda wa kueleza. Njiani, gizani, wanaviziwa. Mzee anamwambia kijana akimbie, yeye anabaki kupigana, na anauawa.

Fundi alikuwa amesahau mwanzo huo. Akiwa mtoto, kwake ilikuwa ni vita ya kusisimua tu. Sasa aliona mkono wa mtoto umesimama juu ya maus, akatamani sakafu impokee. Alinyosha mkono azime mashine. Mtoto akamzuia.

“Papa mkubwa, uache. Niko nataka kujua kama yule kijana anafika.”

Wakaendelea. Asubuhi, ndani ya mchezo, rafiki wa utotoni wa kijana, msichana Imoen, anamkuta njiani na wanatembea pamoja. Wakijaribu kurudi Candlekeep, mlinzi wa lango anawakatalia: bila kitabu cha thamani hakuna kuingia. Mtoto akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha sana. “Hata kwao wanaombwa karatasi,” akasema. Ndiyo sentensi ndefu ya kwanza aliyoisema tangu afike Goma.

Kadiri jioni zilivyopita, hadithi ilizidi kuwa karibu. Katika nchi ile chuma kimeharibika: panga zinavunjika mikononi, barabara zimejaa majambazi wanaovamia misafara kwa ajili ya chuma tu. Wachezaji wanashuka ndani ya machimbo ya Nashkel, wanakuta viumbe vidogo vinamwaga sumu juu ya mawe. Nyuma yao kuna kundi la wafanyabiashara, Iron Throne, lenye machimbo yake ya siri msituni, linalongoja bei ipande. Na nyuma ya wafanyabiashara kuna anayetaka mji upigane na nchi jirani. Mtoto alielewa kabla ya papa mkubwa wake.

“Kwa hiyo majambazi wa barabarani ni watu wa wale wenye kuuza,” alisema. Halafu akauliza: “Walioandika hii walifika huku?”

Fundi alimwambia hapana, waliandika Kanada, mahali pa theluji. Mtoto alifikiri sana. “Basi wanajua namna gani?”

Wapo waliokuja kutazama: watoto wa jirani, shemeji mwenyewe akiwa na mtoto mdogo mgongoni, na jioni moja hata mke wa fundi, aliyesimama mlangoni na sufuria mkononi akiuliza kwa nini yule mwenye kofia anaongea vibaya na wenzake. Kifaransa kilipowashinda, walipiga picha ya kioo wakaituma Nakivale. Yaya alijibu kwa ujumbe wa sauti. Alisoma maneno yote kwa Kifaransa, taratibu, kisha akayatafsiri kwa Kiswahili, kama alivyofanya zamani. Mwisho akaongeza: “Mtoto, baba yako hapa alikuwa ameisha kulala.” Kibanda kizima kilinyamaza, kisha shemeji akaanza kucheka, na machozi yakiwemo.

Jioni moja, baada ya wiki nyingi, mtoto hakuenda mbele na hadithi. Aliwarudisha watu wake mahali pale ambapo mzee Gorion aliuawa. Mchezo unaruhusu kurudi. Mwili uko pale pale, na juu yake kuna barua. Mtoto aliisoma peke yake, bila kuita yaya. Akahifadhi mchezo, akazima mashine.

Kesho yake alikuja kibandani mapema. Akatoa mfukoni simu ndogo ya zamani, kioo kimepasuka, imezimika kabisa. Ilikuwa ya baba yake. Alipewa ile usiku ashike, ili amulike njia. Tangu Kiwanja hakuwa ameionyesha mtu.

“Papa mkubwa,” akauliza, “ulifungua mchezo wa zamani. Hii nayo unaweza kuifungua?”

Fundi anasema alisikia haya. Miezi yote alizunguka dunia nzima kwenye intaneti kutafuta kitu kilichopotea 2002, na simu iliyokuwa kwenye mfuko wa mtoto, hatua mbili kutoka meza yake ya kazi, hakuwahi kuiulizia. Aliifungua siku hiyo hiyo, wateja wakingoja. Betri ilikuwa imekufa na maji yalikuwa yameingia. Aliisafisha, akaazima betri ya simu nyingine. Iliwaka jioni. Ndani kulikuwa na picha kumi na moja. Mbili ni za shamba la maharagwe. Moja ni ya baba mwenyewe, amesimama mbele ya nyumba, amefunga jicho moja kwa sababu ya jua.

Nakala za picha hizo sasa ziko kwenye mashine ya kibandani, kwenye flashi iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye simu ya shemeji, na kwa yaya kule Nakivale. Picha ya baba imechapishwa pia kwenye karatasi, imepelekwa kwa wale wanaosaidia kutafuta watu waliopotezana na familia zao. Jibu halijafika.

Kwa wakaaji wenye mashine, fundi anatoa mashauri haya. Asiye na pesa asikimbilie faili za wezi: Ultima IV ya mwaka 1985, ambayo ndani yake ushindi ni kuishi kwa wema na si kuua adui mkuu, hupatikana bure GOG, na ni nyepesi, haimalizi mega. Daggerfall ya mwaka 1996 nayo ilitolewa bure mwaka 2009. Na kwa wenye simu tu, ambao ni wengi zaidi, anasema: leo, kabla ya kulala, piga picha ya kadi ya kura, ya diplomu, ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ya uso wa mzazi wako. Mtumie ndugu aishiye mji mwingine. Usingoje mlima utoe moshi.

Kuhusu mchezo, haujaisha. Wamefika kwenye mji wenyewe wa Baldur's Gate, na mtoto hana haraka. Mdogo wake wa kike, mwenye miaka mitano, hukaa katikati yao na hulala kabla ya saa kuisha. Asubuhi ndiye wa kwanza kuuliza walifika wapi.